Kitenzi Adimu Hujifunzwa Kazini, Si Kwenye Orodha

Kila anayejifunza Kiingereza kwa bidii hufika mahali ambapo maneno ya kila siku yamekwisha. Yanayobaki ni yale yanayojitokeza mara moja katika kitabu kizima, kisha hayaonekani tena. Mojawapo ni kitenzi “scotch”. Hapa hatuzungumzii kinywaji, wala utepe wa kubandikia karatasi. Kitenzi hiki kina maana ya kukizuia kitu kinachoweza kubingirika kisiende popote, kwa kukitilia kabari, jiwe au kipande cha gogo. Waingereza wengi huishi maisha yao yote bila kukitamka kwa maana hiyo. Hata hivyo kimo katika riwaya zao za zamani na katika lugha ya wafanyakazi wao wa reli, na magazeti yao hukitumia kwa maana nyingine.

Msomaji akikutana nacho hufanya mojawapo ya mambo mawili. Wapo wanaoruka na kuendelea, na wapo wanaokiandika kwenye daftari chini ya maneno mengine mia mbili ambayo hayatasomwa tena. Njia zote mbili ni hasara. Neno adimu lina namna yake ya kujifunzwa, na ukiijua utaitumia kwa kila neno la aina hiyo.

Uliza kwanza kama linastahili muda wako

Maneno hayalingani uzito. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi, na hadi leo walimu wengi wanakubali kwamba mwanafunzi asiye na hayo hana msingi. Baadaye, mwaka 2006, Paul Nation wa Nyuzilandi alikadiria kwamba mtu anayetaka kusoma vitabu na magazeti ya Kiingereza bila kusaidiwa anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Familia moja ni neno pamoja na minyambuliko yake.

Hesabu hizo zina somo. Kama bado unababaika na maneno ya kawaida kama “borrow” na “lend”, achana na “scotch”. Tia alama kwa penseli, elewa sentensi kwa ujumla, endelea na safari. Lakini kama wewe ni mfasiri, mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza chuoni, fundi anayesoma vitabu vya mitambo, au mtu anayejiandaa kufanya kazi bandarini, kwenye reli au uwanja wa ndege, maneno ya namna hii ndiyo yatakayokutofautisha na wengine.

Tena usidanganyike na neno “adimu”. Katika maandishi yoyote marefu, karibu nusu ya maneno tofauti yaliyomo hutokea mara moja tu. Kila neno adimu peke yake hulioni mara kwa mara, ila maneno adimu kwa jumla unayaona kila siku. Kwa hiyo jambo la kumiliki ni mbinu ya kuyakabili.

Itazame kazi kabla ya kufungua kamusi

Kosa la kwanza ni kukisia maana kwa sura ya neno. Mtu anaiona “scotch”, anakumbuka chupa ya wiski kutoka Uskoti, na sentensi inamgeukia kichekesho. Mwingine anakumbuka utepe wa kampuni ya 3M ya Marekani, ambao mhandisi Richard Drew alianza kuutengeneza mwaka 1925, akaamini amepata jibu, maana utepe nao hukishika kitu kisisogee. Anaridhika kwa kuwa maana inakaribia. Maana inayokaribia ni hatari kuliko isiyojulikana kabisa, kwa sababu haikupi sababu ya kuuliza.

Chukua sentensi kama hii: “The carter scotched the wheel with a stone and unhitched the horse.” Acha kitenzi kwanza, hesabu watu na vitu. Kuna mwendesha mkokoteni. Kuna gurudumu. Kuna jiwe. Kuna farasi anayefunguliwa. Sasa uliza: jiwe na gurudumu vinahusianaje, na kwa nini jambo hilo lifanyike kabla farasi hajafunguliwa? Farasi ndiye aliyekuwa ameushikilia mkokoteni. Akiondoka, mkokoteni utashuka mteremko. Jiwe limewekwa kushika nafasi yake. Hapo umeshaipata maana, na kamusi hujaifungua.

Jambo lenyewe si geni kwako. Yeyote aliyepita barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa amewahi kuliona kwenye mlima Kitonga. Lori lililosheheni linaishiwa nguvu katikati ya kona. Utingo hasubiri kuambiwa. Anaruka chini na gogo lake mkononi, anakimbilia tairi la nyuma, analisukumia gogo kwenye ile pembe ambapo tairi na lami vinakutana, upande wa bondeni, kisha anautoa mkono haraka. Dereva analegeza breki kidogo ili uzito wa gari ulikalie gogo. Tairi linarudi nyuma kiasi cha kiganja, linapanda ukingo wa gogo, mbao inalia, gari linatulia. Utingo anapiga kofi ubavuni mwa bodi kumjulisha dereva kwamba mambo ni shwari.

Kitendo hicho, tangu gogo lilipoingia hadi tairi lilipotulia, ndicho Mwingereza wa zamani alichokiita “scotch”. Unapojifunza kitenzi adimu, tafuta kwanza mahali ulipokiona kitendo chake katika maisha yako, kisha andika mambo matatu: kinachozuiwa ni nini, kinachozuia ni nini, na kingetokea nini kama kisingezuiwa. Kwa kitenzi chetu majibu ni gurudumu, kabari, na kuporomoka. Mambo hayo matatu yatakaa kichwani muda mrefu kuliko fasili yoyote ya kamusi.

Kamusi isome hadi mwisho

Baada ya kukisia kwa akili, thibitisha. Wengi wetu tukifungua kamusi huchukua maana ya kwanza na kuifunga. Kwa neno hili utaumia, kwa sababu kamusi kubwa za Kiingereza zina vitenzi viwili vinavyoandikwa sawasawa. Kimoja kina maana ya kukata au kuchanja juujuu, na ndicho kilichoacha alama yake katika jina la Kiingereza la mchezo wa watoto wa kurukia mistari iliyochorwa chini, “hopscotch”. Cha pili ni hiki chetu cha kabari, na asili yake haijulikani kwa uhakika. Hakuna hata kimoja kinachohusiana na nchi ya Uskoti.

Kile cha kuchanja kina kisa kinachomhusu kila mwanafunzi wa fasihi. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Macbeth, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Makbeth, mhusika mkuu analalamika kwamba yeye na mkewe wamemjeruhi nyoka lakini hawakumuua. Chapa ya mwaka 1623 ina neno jingine mahali hapo, lenye sura ya kitenzi cha kuunguza. Katika karne ya 18 mhariri Lewis Theobald aliona halifai, akaweka “scotch”, na wahariri wengi wakamfuata. Kutokana na sentensi hiyo kitenzi kilizoeleka kwa maana ya kukipunguzia kitu nguvu bila kukimaliza. Kisha kikaendelea kubadilika. Leo gazeti la London likiandika kwamba waziri ame-“scotch” uvumi, maana yake ameukomesha kabisa. Nyoka wa Shakespeare alibaki hai, uvumi wa gazetini umekufa.

Kwa hiyo unapofungua kamusi, pitia mambo manne. Angalia kama neno lina vitomeo viwili vyenye namba tofauti. Angalia kama kitenzi kinahitaji yambwa. Hiki kinahitaji, yaani lazima utaje kinachozuiwa. Angalia alama inayosema neno ni la zamani, la lahaja au la taaluma fulani. Mwisho, soma mifano, maana hapo ndipo neno linapoonekana likifanya kazi. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili itakupa mwanga wa haraka, lakini kwa neno adimu usiishie hapo. Nafasi ya kamusi ya lugha mbili ni ndogo, na mara nyingi inakupa maana moja pale ambapo neno lina tatu.

Wajue majirani zake

Neno likijulikana peke yake huwa halina mipaka. Liweke karibu na wenzake na utaona linaanzia wapi na kuishia wapi. Kiingereza kina vitenzi vingi vya kukifanya kitu kitulie, na kila kimoja kimetoka katika kazi fulani.

Kitenzi kinachofanana na chetu kuliko vyote ni “chock”. Hiki ndicho kinachoishi leo. Ndege ikishasimama mbele ya jengo la abiria, wafanyakazi wa ardhini huweka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu, na kazi hiyo ndiyo “chock”. Maelekezo ya kuegesha malori, matela na mitambo mizito hulitumia neno hilohilo. Kama unataka neno moja tu la kutumia kazini, chukua hilo.

“Wedge” ni pana zaidi. Ni kutia kabari popote: chini ya mlango usijifunge, kati ya mbao mbili, chini ya mguu wa meza. “Sprag” ni la machimboni, ambako gongo la mti lilichomekwa kati ya njiti za gurudumu la toroli la makaa ya mawe lisiteremke lenyewe. “Trig” ni ndugu wa “scotch” katika lahaja, na siku hizi utalisikia kwa nadra sana. “Shim” ni kuingiza kipande chembamba mahali penye uwazi ili mashine au nguzo ikae sawa bila kucheza.

Vipo vinavyotumia kamba. “Lash” ni kufunga shehena kwa kamba au minyororo isihame meli ikiyumba au lori likikata kona. “Moor” ni kuifunga meli gatini. “Belay” ni kuizungusha kamba kwenye kigingi cha chombo ili isiteleze, na wapanda milima wamelichukua kwa kazi yao ya kumshikilia mwenzao kwa kamba. Hospitalini utakutana na “splint”, yaani kuufunga mfupa uliovunjika kwa banzi, na “immobilise”, ambalo ni neno la jumla la kukifanya kiungo kisitikisike.

Unaona kilichotokea? Ulianza na neno moja lililokushinda, sasa una kumi na moja, na kila moja lina mahali pake. Huhitaji kuyakariri, kwa kuwa yamepangwa kwa swali moja: kinachozuia ni nini? Kabari, gongo, kamba, banzi. Mfasiri anayejua tofauti hizi hataandika kwamba meli imewekewa kabari wakati imefungwa gatini.

Jua linaandamana na nani

Kila kitenzi kina vitu kinavyopenda kuandamana navyo. “Scotch” ya kabari huenda na gurudumu, pipa, gogo linalobingirika, na chochote chenye mviringo kwenye mteremko. Kwenye reli za Uingereza huenda pia na njia zinapogawanyika: kile kipande cha reli kinachohama kuelekeza treni hubanwa kwa kibano, kisha hutiwa kabari ya mbao kisisogee treni inapopita. Kwa maana ya magazetini, “scotch” huenda na uvumi, mpango, hofu na tumaini.

Haiendi na watu. Huwezi kum-“scotch” mtoto anayerukaruka kanisani, wala mgonjwa anayetapatapa kitandani. Mwanafunzi aliyekariri kwamba maana yake ni “kufanya kitu kitulie” ataandika hivyo na hatajua kwa nini mwalimu amepiga mstari mwekundu. Dawa ni kuandika neno na kitu chake pamoja. Katika daftari lako usiandike “scotch”. Andika “scotch a wheel” na “scotch a rumour”, kila moja kwenye mstari wake.

Fanya vivyo hivyo upande wa Kiswahili. Kwa gurudumu andika “kutia kabari”. Usiandike “kupiga kabari”, kwa sababu mitaani kwetu hiyo ni kazi ya vibaka wanaomkaba mtu shingo usiku. Kwa uvumi andika “kukomesha” au “kuzima”. Neno la Kiingereza linaweza kuwa moja na ya kwetu yakawa mawili, hakuna ubaya.

Lirudie kwa kuachia nafasi

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba tunasahau kwa kasi sana katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanafaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Katika miaka ya 1970 Sebastian Leitner alieneza njia rahisi ya kutumia maarifa hayo: kadi zinazowekwa katika visanduku. Kadi uliyoijibu vizuri inahamia kisanduku kinachofunguliwa baada ya muda mrefu zaidi. Uliyokosea inarudi cha kwanza.

Visanduku si lazima. Bahasha tatu zinatosha, au programu ya simu yenye utaratibu huo. Muhimu ni unachokiandika kwenye kadi. Upande wa mbele weka sentensi yenye pengo: mwendesha mkokoteni, gurudumu, jiwe, na nafasi tupu mahali pa kitenzi. Upande wa nyuma weka kitenzi pamoja na jirani yake mmoja. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Kila mara jitahidi kulikumbuka neno kabla ya kugeuza kadi. Kule kuhangaika kidogo ndiko kunakolijenga.

Kadi ziwe chache. Maneno adimu matano kwa wiki yaliyofanyiwa kazi hivi yana faida kuliko hamsini yaliyonakiliwa usiku mmoja kabla ya mtihani.

Matamshi nayo yasisahaulike. Sisi wenye mazoea ya kuweka irabu kila mahali hupenda kusema “sikochi”. Kwa Mwingereza neno hili ni silabi moja: anza na sk bila irabu katikati, maliza na ch bila irabu nyuma. Likisemwa kwa wakati uliopita, mwisho wake husikika kama t. Litamke kwa sauti mara kadhaa ukiwa na sentensi nzima, kwa sababu ulimi nao una kumbukumbu yake.

Amua kama utalitamka au utalitambua tu

Kuna maneno ya kutumia na kuna maneno ya kuelewa. Msomaji mzuri wa lugha yoyote anaelewa mengi kuliko anayotamka, na hilo si upungufu. Hata katika Kiswahili chako, unaelewa maneno ya ushairi wa zamani ambayo huwezi kuyatumia dukani.

“Scotch” ya kabari iweke kwenye kundi la kuelewa. Ukiikuta katika riwaya ya karne ya 19 au katika maandishi ya reli ya Uingereza, utaijua papo hapo. Lakini ukiwa kazini na mgeni anayezungumza Kiingereza, na lori liko mteremkoni bila kabari, usimwambie a-“scotch” tairi. Huenda akakutazama akisubiri ueleze, na gari halisubiri maelezo. Sema “chock the wheels”, ataelewa mara moja. Katika mambo ya usalama, neno linaloeleweka haraka ndilo neno sahihi.

Vivyo hivyo kwenye insha za mtihani na barua za kuomba kazi. Neno adimu lililochomekwa ili kuonesha usomi hujulikana, na mara nyingi humshusha mwandishi badala ya kumpandisha. Mfasiri naye ajiulize: je, mwandishi alitumia neno hili kwa kuwa lilikuwa la kawaida kwa watu wake, au kwa kuwa alitaka lionekane geni? Kama lilikuwa la kawaida kwao, tafsiri iwe ya kawaida kwetu: alilitilia gurudumu jiwe, basi. Hakuna haja ya kuchimbua neno la Kiswahili lililosahaulika ili tu kulipa adimu kwa adimu.

Maneno yanayokusumbua sasa hivi huenda si ya magurudumu. Yanaweza kuwa ya ushonaji, ya mahakamani au ya kilimo. Utaratibu haubadiliki: pima kama linastahili, itazame kazi inayofanyika, soma kamusi hadi mwisho, lijue na majirani na waandani wake, lirudie kwa kuachia nafasi, kisha uamue kama ni la kutamka au la kutambua. Leo jioni fungua lile daftari lenye orodha ndefu, chagua matano tu yanayohusu kazi yako au masomo yako, na mengine yafutie mbali. Ukiyahitaji, utakutana nayo tena kitabuni.